Kumkuza Gathogo

Kila mwaka, juma la kwanza la Agosti, Mama Gathogo aliteremka kutoka Elburgon hadi Bondeni, mjini Nakuru, kumwongezea mwanawe umri. Alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, akaiweka juu ya meza ya kioo katika studio ya Mzee Obeid, akatoa picha ya mtoto wa miaka sita aliyevaa sweta ya shule, kisha akasema maneno yale yale: "Mwaka umekwisha. Niongezee mmoja."

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja katika zile nyumba kuukuu za manispaa. Walipiga picha za pasipoti, wakachapa kadi za harusi na fulana za vyama vya akina mama, lakini kazi iliyowalisha hasa ilikuwa programu za mazishi. Watu wa Nakuru hufa kama wa kwingineko, ila hapa hakuna anayekubali kuzikwa bila kijitabu cha rangi. Ukimpeleka marehemu kaburini kwa karatasi nyeusi na nyeupe, ukoo mzima utasemwa hadi kizazi cha tatu.

Wangare aliletwa hapo na masomo. Alikuwa mwaka wa pili wa usanifu wa michoro katika chuo kimoja mjini, na chuo kilimtaka afanye kazi miezi mitatu kwa mtu anayeijua. Kwa Obeid alijifunza mambo ambayo mwalimu wake hakuwahi kuyataja. Alijifunza kumkata marehemu kutoka katika picha ya harusi, huku chupa ya soda iko mdomoni, kumvisha suti na kumpangia mawingu mgongoni. Mungu amsamehe, siku moja alimfunga tai mzee ambaye, kwa maelezo ya wanawe wenyewe, hakuwahi hata kuvaa viatu.

Lakini kazi ya Mama Gathogo ilikuwa ya namna yake. Obeid alimsimulia asubuhi moja wateja walipokuwa wachache.

"Mtoto alimfuata babake ukingoni mwa msitu, kule Mau, mchana wa ukungu," alisema. "Babake alikuwa akipakia mbao kwenye lori. Aligeuka kukaza kamba, alipogeuka tena hapana mtoto. Walimtafuta majuma mawili, hawakupata hata kiatu. Baba mtu hakudumu, huzuni ikamla. Mwaka uliofuata mama akanijia hapa na picha hiyo. Akaniuliza, sasa angekuwa na sura gani? Ningemfukuza, binti?"

Hakumfukuza. Alimtengenezea mtoto wa miaka saba, mwaka uliofuata wa minane, na hakuacha tena. Obeid hakuwa akianza upya. Kila mwaka alifungua faili ile ile katika kompyuta na kuipachika sura mpya juu ya ile ya zamani, hata zikawa zimelaliana kama mashuka kabatini. Wangare aligundua kwamba akizifunua moja baada ya nyingine kwa kubonyeza kipanya, mtoto hukua mbele ya macho yake: shavu linapungua, shingo inarefuka, ndevu chache zinaota. Alifanya hivyo mara mbili, ya tatu akaacha. Kuna mahali, kati ya miaka kumi na mitatu na kumi na minne, ambapo alihisi kwamba kijana yule ndiye aliyekuwa akimtazama yeye.

Mwaka huo Mama Gathogo alikuja na ombi jipya. Alikuwa mwanamke mwembamba, fundi wa kushona nguo, na utepe wa kupimia ulikuwa daima shingoni mwake kama mkufu.

"Amefikisha ishirini na tatu," alisema. "Mnifanyie kubwa, hadi kifuani. Awe mtu mzima kabisa."

Obeid alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na uso wa mtu mzima una mistari midogo ambayo hakuweza tena kuiona. Akampa Wangare kazi hiyo, na pamoja nayo akampa mkebe wa biskuti uliojaa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, nyingine za tangu enzi za babake.

"Macho na paji la uso, chukua kwa mama yake. Vinavyobaki toa humu," alisema. "Hawa wote nawajua, wote wametangulia. Pua, taya, masikio, chukua utakacho. Aliye hai usimguse."

"Kwa nini, Mzee?"

"Kwa sababu aliye hai bado anautumia uso wake."

Wangare alicheka. Obeid hakucheka. "Na mimi nina kesi yangu," aliendelea. "Siku ya kiyama nitaambiwa nizitie roho sura nilizozitengeneza. Nitakuwa na shida ya kutosha na hizi. Sitaki kuulizwa na wenye nyuso zao."

Haya, tuseme ukweli. Wangare hakuwa mtoto mkaidi, ila alikuwa na kidonda. Mwishoni mwa muhula uliopita, Mwalimu Kipyegon alikuwa amezipitia kazi zake zote mbele ya darasa, akazisifu rangi na mpangilio, kisha akasema, "Ni safi sana, Wangare, lakini humu ndani hamna mtu." Darasa likacheka. Maneno hayo yalimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Maonyesho ya wanafunzi yalikuwa yakikaribia, naye alitaka uso mmoja tu, mmoja, wenye mtu ndani.

Kwa siku nne alipekua mkebe. Pua aliipata kwa seremala mmoja wa zamani, masikio kwa mpishi wa hoteli. Mdomo ndio uliomshinda. Watu wa zamani walipopigwa picha waliibana midomo kana kwamba wanaapishwa mahakamani. Alijaribu kumi na mmoja, na kila mmoja ulimfanya Gathogo aonekane mtu aliyekwisha kulazwa jenezani. Siku ya tano, akiwa amechoka, alifungua simu yake. Picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mdogo wake Lewis, amepakata kofia ya pikipiki, midomo imefunguka kidogo kabla ya kicheko. Sikio la kufa halisikii dawa. Aliikata midomo ile pamoja na kidevu, akaipachika.

Uso ukatulia. Ndivyo alivyoweza kueleza tu, kwamba ulitulia, kama mtu aliyekuwa akitafuta kiti na sasa amekaa. Ngozi ya mikono ikamsisimka. Kisha furaha ikaizidi hofu, akampelekea Mwalimu Kipyegon picha kwa simu. Jibu lilirudi kabla hajamaliza chai: "Sasa humu mna mtu."

Mama Gathogo alipokuja kuichukua, aliishika kwa mikono miwili na kuitazama hadi Wangare akaanza kupanga kalamu zisizohitaji kupangwa. Hakulia. Alipitisha kidole juu ya midomo ile mara moja.

"Amemaliza," alisema.

"Amemaliza nini, Mama?"

"Kukua. Asante, mwanangu. Umenifanyia jambo kubwa."

Ikawa kwamba wakati huo huo Lewis aliingia kumletea dadake ufunguo wa chumba chao cha kupanga kule Kaptembwa. Wangare na Lewis walizaliwa Njoro wakifuatana kwa mwaka mmoja, na tangu utotoni watu waliwadhania mapacha. Lewis alikuwa fundi wa pikipiki, mchangamfu, mwenye mafuta ya injini hata masikioni.

"Niaje, Mzee Obeid! Mathe, shikamoo."

Wangare alingoja Mama Gathogo ashtuke. Hakushtuka. Alimwangalia Lewis kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameagiza.

"Kijana, hebu simama wima," alisema, akiuvua utepe shingoni. "Kuna suti ya mwanangu naishona, na naona kimo chenu ni kimoja."

Lewis hakuwahi kumkatalia mama wa mtu yeyote. Alinyoosha mikono akicheka, akageuzwa huku na huku. Mama Gathogo alimpima mabega, kifua, mkono. Kisha akamsimamisha ukutani, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, na tarakimu zote akaziandika nyuma ya bahasha. Wangare alijiuliza ni suti gani inayopimwa kuanzia utosini, lakini mteja mwingine aliingia, na swali likampotea.

Jambo la kwanza lilikuwa simu. Lewis alizoea kuifungua kwa kuitazama tu, na jioni moja ikamkataa. Ikamwambia ajaribu tena. Alidhani ni mafuta ya injini, akaenda kuosha uso kwa sabuni, akarudi. Ikamkataa. "Hata simu imenichoka," alisema, akaweka namba ya siri, yakaisha. Wangare alicheka pamoja naye.

La pili halikuchekesha. Ijumaa bosi wa gereji alimwuliza Lewis alikuwa wapi tangu Jumanne. Lewis alikuwa hapo hapo. Alikuwa amefungua klachi tatu, moja yake bosi mwenyewe akiwa amemshikia spana. Wenzake walipoulizwa, walikuna vichwa. Mmoja alisema anakumbuka kuona mikono tu.

La tatu Wangare alilishuhudia kwa macho yake. Walikuwa wameketi kwenye kibanda cha Jepkemei, mwanamke wa Kericho aliyewapikia chakula cha mchana karibu kila siku kwa miaka miwili, na aliyempenda Lewis hata akawa anamwongezea mboga bila kuombwa. Jepkemei alileta sahani moja, akaiweka mbele ya Wangare.

"Leo huyo ndugu yako amekutupa?" aliuliza.

Lewis alikuwa ameketi kati yao, kiwiko chake juu ya meza.

"Jepkemei, acha mchezo basi," alisema Lewis.

"Woi!" Jepkemei aliruka, mchuzi ukamwagika. "Umeketi hapo saa ngapi, wewe?" Akamwangalia, akakunja uso, kama mtu anayesoma kibao kilichopauka. Kisha akaenda kutafuta kitambaa, na aliporudi akafuta meza yote isipokuwa pale mikono ya Lewis ilipokuwa. Hakuleta sahani ya pili. Alikuwa amekwisha kusahau.

Walitoka wakafika barabarani. Mwendesha tuktuk alikata kona karibu amkanyage Lewis, na hakupiga hata honi.

"Wangare," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "ni kama ninafutika."

Wangare alimvuta kando ya barabara. Alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini alijua vile mtu anavyojua kwamba ameacha moto jikoni. Hakuwa na ujasiri wa kulisema mbele ya Lewis, naye akajichukia kwa hilo.

Kesho yake Mama Gathogo alipiga simu studio. Alitaka programu mia moja na hamsini.

"Ni za nani, Mama?" Wangare aliuliza.

"Za Gathogo. Tunamzika Jumamosi ijayo, wazee wa kanisa wamekubali." Alizungumza polepole, bila kusitasita, kama mtu anayekadiria kitambaa. "Watu waliniambia tangu mwanzo nimfanyie ibada niachane naye. Mtoto wa miaka sita, hana mwili, hana kaburi, ningeanzaje? Nikasema acha nimlee kwanza. Sasa amekua, nitamzika kama mwanamume. Jeneza linapigwa randa na wale mafundi waliofanya kazi na babake. Suti nimeishona. Kilichobaki ni uso. Nifanyie picha nyingine ile ile, uitie kwenye fremu, hiyo ndiyo itakayolala ndani."

"Jeneza mmelipimaje?" alinong'ona Wangare.

"Si nilimpima pale kwenu?"

Alipokata simu Wangare alienda moja kwa moja kwa Obeid, akamweleza yote bila kujitetea. Mzee hakumfokea. Aliomba aletewe picha, akaisogeza karibu kabisa na jicho lake lenye nafuu, akaipapasa kwa kidole.

"Hii midomo ni ya Lewis?"

"Ndiyo, Mzee."

"Inna lillahi," alisema Obeid. "Nilikuwa nafikiri nakuwekea sheria ya adabu tu, binti. Wallahi sikujua itakuwa hivi. Babangu ndiye aliyeniambia, na mimi nikakwambia." Akairudisha picha mezani, uso chini. "Basi haijazikwa bado. Mwambie ile ya kwanza ina kasoro, airudishe. Na hii mpya ibadilishe mdomo. Usilale juu ya jambo hili."

Wangare aliurudia mkebe. Alimpachikia Gathogo mdomo wa karani, akampelekea mama mtu kwa simu. Jibu lilikuwa maneno mawili: "Huyu simjui." Akampachikia wa mwanajeshi wa zamani, akaulainisha, akaufungua kidogo kwa ustadi wake wote. "Huyu simjui." Alipotuma wa tatu, simu iliita.

"Wangare, usinichezee. Nimemlea miaka kumi na saba. Mwanangu namjua."

"Basi mzike yule mdogo, Mama. Yule wa sweta. Ile ndiyo picha yake ya kweli."

"Yule nilimpoteza. Nitamzikaje niliyempoteza? Nitamzika niliyemlea."

Hapo Wangare akasema kile alichopaswa kukisema siku ya kwanza. Alimwambia midomo ile ilikuwa ya ndugu yake, kwamba yu hai, kwamba tangu picha ile itundikwe ukutani Elburgon watu wameanza kutomwona. Alilia akisema, na hakuona haya. Upande wa pili alisikia cherehani ikiendeshwa, kisha ikasimama.

Mama Gathogo hakuwa na hasira.

"Ndugu yako sina ugomvi naye. Alinisimamia vizuri, ana heshima," alisema. "Lakini Jumamosi watu wanakuja, na mimi sina mwingine wa kumweka mle. Niletee aliye yeye. Ukimpata, sitakuuliza umemtoa wapi."

Alasiri hiyo Wangare alipitia nyumbani. Lewis alikuwa amelala chali juu ya kitanda chake, mikono kifuani, viatu miguuni. Hakuwa mgonjwa. Alisema gereji hawakumfukuza, walimpa tu mtu mwingine meza yake, naye hakuona sababu ya kubishana na watu ambao inabidi uwashike bega ndipo wakusikie. Wangare alisimama mlangoni akimtazama, na kwa dakika moja nzima, Mungu wangu, jicho lake lilikuwa likiteleza. Lilimpita likaenda kwenye blanketi, kwenye dirisha, kwenye sufuria. Ilimbidi alilazimishe kurudi. Ndugu yake wa tumbo moja, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na jicho lake mwenyewe lilikuwa likimruka.

Aligeuka asimwone akilia, akajikuta mbele ya kile kioo kidogo walichokitundika juu ya karai. Midomo ilikuwa pale. Ule mwanya wa kabla ya kicheko, kidevu kile kile. Mama yao alizoea kusema kwamba Mungu alipomaliza kumfanya Wangare alibakiwa na udongo, akaona asiutupe.

Hakutafakari sana. Angetafakari asingefanya. Alirudi studio, akasimama kando ya dirisha ambako mwanga uliingia kwa upande, akajipiga picha. Kwenye kompyuta alimfungua Gathogo, akaondoa midomo ya Lewis pamoja na kidevu, akaweka vyake. Alikuwa amejiandaa kusugua kingo, kusawazisha rangi, kuongeza vivuli na vindevu viwili vitatu, kazi ya saa mbili. Havikuhitaji chochote. Vilikaa.

Alituma. Jibu lilikuja neno moja: "Ndiye."

Kabla hajaiweka simu chini iliita, na alikuwa Lewis, akipiga kelele. "Imefunguka! Siz, simu imefunguka! Nimeitazama tu, imefunguka!" Nyuma yake sauti ya mama mwenye nyumba ilikuwa ikimwuliza kwa nini anapayuka kama amefiwa. Wangare aliegemea ukuta na kucheka hadi akakosa pumzi. Ilikuwa furaha safi, na hakuna kilichotokea baadaye kilichomfanya aijutie.

Obeid alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha ndani.

"Umempata?"

"Nimempata, Mzee."

"Kwa nani?"

"Mkebeni," alisema Wangare.

"Mkebeni hamna mdomo wa kucheka," alisema Obeid. Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena ingawa haikumsaidia. Hakuuliza zaidi. Alivuta kiti akaketi kando yake na kusoma dua kwa sauti ya chini wakati printa ikizitoa programu, moja baada ya nyingine, mia moja na hamsini. Uso wa Gathogo ulitoka juu ya kila moja, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka huu.

Jumamosi Elburgon kulikuwa na ukungu na harufu ya mbao mbichi. Wangare alitaka kwenda peke yake, Lewis akakataa katakata. "Mathe alinipima suti kwa mkono wake, nikose?" alisema, na Wangare hakuwa na namna ya kumweleza kwa nini akose. Waliipeleka fremu wenyewe. Mama Gathogo alimrudishia Wangare ile ya kwanza, akaipokea mpya langoni, akaipangusa kwa upindo wa leso, kisha akamtazama Lewis kama unavyomtazama mgeni yeyote wa heshima.

"Karibu, kijana. Mmetoka mbali?"

"Nakuru, Mathe."

"Poleni na safari. Chai iko pale." Akaenda zake. Lewis alimwangalia dadake, akainua mabega. Watu walimpisha, wakamsalimu, mama mmoja akamsukumia kikombe, mzee mmoja akamwomba awe miongoni mwa wabebaji kwa kuwa ana mgongo mzuri.

Jeneza lilikuwa la mwerezi, kazi ya mikono, refu kwa kipimo cha Lewis hasa. Suti ilikuwa imelazwa ndani, kijivu, imepigwa pasi hadi mikunjo ikakata, na mahali pa kichwa palilala fremu. Mafundi walikuwa wameweka kioo juu, kama ilivyo desturi, ili watu wapite watazame. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Walimkumbuka mtoto, walimkumbuka babake, na walikuwa wamechoka kumwona mama huyu akiishi nusu nusu. Foleni ikapangwa, nyimbo zikaanza.

Wangare hakupenda kuingia foleni, lakini kutoingia kungekuwa fedheha. Alisogea hatua kwa hatua nyuma ya wanawake waliokuwa wakijifuta macho. Mbele yake mzee mmoja alitazama jeneza, akatazama programu mkononi, akageuka kumtazama yeye, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyekosea mlango.

Zamu yake ikafika. Aliinama. Palikuwa na kioo cha jeneza na chini yake kioo cha fremu, na katika mwanga ule wa ukungu uso wake ulishuka ukalala juu ya ule wa Gathogo. Macho hayakulingana, wala paji. Midomo ililingana, ukingo kwa ukingo, hata ule mwanya mdogo wa kabla ya kicheko. Alifumba mdomo wake aone ni upi utakaobaki wazi. Alikaza macho. Hakuweza kuamua.

"Sogea, mwanangu," alisema Mama Gathogo nyuma yake, kwa upole, akimshika kiwiko. "Na wengine wamwone."

Akasogea. Kioo kilifunikwa, misumari ikapigwa. Lewis na vijana wengine watano waliliinua jeneza kwa urahisi kupita kiasi, mmoja wao akatazama kando kwa aibu ya wepesi ule. Lilishushwa kwa kamba. Mama Gathogo alitupa konzi yake ya udongo, na kwa mara ya kwanza tangu Wangare amfahamu, alilia kwa sauti, kilio kikubwa kilichomkunja kiuno, na wanawake wenzake wakamshika wakamwacha alie. Kilikuwa kilio cha mtu aliyengoja sana. Hata Wangare aliona kwamba kilikuwa kizuri.

Majembe yakaanza. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, ukalia juu ya mbao. Kisha ukafuata ule mweusi, mzito, wenye maji, na huo haukulia kabisa.

Lewis alikuja akijipangusa mikono. Alikuwa na udongo kwenye suruali na uhai usoni, kijana mzima ambaye kila mtu aliyempita alimwitikia kwa kichwa. Alisimama mbele ya dadake akamtazama vizuri.

"Wangare, uko sawa?"

Wangare alifungua mdomo amjibu, akangoja aone kama bado ni wake.